Risepta zinakaa mbili mbili, kwa hiyo baclofen nayo inywewe viwili viwili?

"Habari daktari. Mdogo wangu wa kiume aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda mwaka juzi. Tangu hapo miguu haina nguvu ila inakaza na kurukaruka yenyewe, hasa usiku. Aliandikiwa baclofen ya miligramu 10 asubuhi mchana na usiku, ikamsaidia sana. Sasa wiki mbili hizi kukaza kumerudi kwa nguvu. Jirani yetu anasoma chuo cha afya, kasema risepta ya hiyo dawa ni mbili zimeungana, kidonge kimoja kinashika moja tu na nyingine inabaki wazi, kwa hiyo tumpe viwili viwili. Nimeingia mtandaoni nikakuta kweli wanasema risepta zinaungana. Mtu mwingine anasema dawa imeshazoeleka, tuiache kabisa wiki mbili risepta zipumzike ndo turudie. Na huku kwetu famasi mara ipo mara haipo. Naomba unieleweshe, zinaunganaje na tufanye nini?"

Pole sana kwa kuuguza ndugu yangu. Najua mtu wa uti wa mgongo anauguzwa na nyumba nzima, usiku miguu yake ikianza kuruka hakuna anayelala. Nitaeleza yote taratibu ila mawili niyaseme kwanza usije ukaishia katikati. Msimpe viwili viwili kwa hesabu ya jirani. Na hilo la kuacha wiki mbili ndo msilifanye kabisa, hilo linanitisha kuliko la kwanza, sababu zake zinakuja huko chini.

Jirani yenu hajadanganya, ameshika nusu ya somo akakimbia nayo. Risepta ni protini ya kwenye seli inayopokea ujumbe, na ni kweli ile ambayo baclofen inaishika, inaitwa GABA-B, imeundwa na protini mbili zilizoungana, na katika risepta zote za ukoo wake hii ndo yenye ushahidi mzito kabisa kwamba bila wawili hakuna kazi. Alipoteleza ni kudhani protini mbili ni vidonge viwili. Hebu fanya hesabu kidogo, kidonge kimoja cha miligramu 10 kina molekuli za baclofen kama bilioni 28, halafu hizo bilioni 28 uzizidishe tena mara bilioni moja. Kwa hiyo swali la kidonge kimoja kushika risepta moja halipo, hata robo ya kidonge ina molekuli za kumwaga. Kinachoamua dozi ni kiasi gani kinafika kwenye ugwe wa mgongo, kinakaa muda gani na mwili unakitoaje.

Sasa hizi risepta zenyewe. Zinaitwa risepta zinazofanya kazi na protini-G, binadamu ana aina zake karibu 800, na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa zinapitia kwao, dawa za presha, za pumu, za mzio, mofini, nyingi tu. Kila moja ni uzi mrefu wa protini uliopita ndani na nje ya utando wa seli mara 7, nje kuna sehemu ya kupokea ujumbe, ndani kuna protini-G inasubiri. Hiyo protini-G ina vipande vitatu, alfa, beta na gama. Ikiwa imepumzika, alfa imeshika kitu kinaitwa GDP. Risepta ikipata ujumbe inajikunja kidogo, mkunjo huo unaifanya alfa iachie GDP na kushika GTP, na hapo alfa inaachana na wenzake, alfa inaenda kufanya yake, beta na gama wanaondoka pamoja kufanya yao. Baada ya muda alfa inaikata GTP irudi kuwa GDP, vipande vinakutana tena, mchezo unaanza upya. Gilman na Rodbell walipata Nobeli ya tiba mwaka 1994 kwa kugundua hizi protini-G, na mwaka 2012 Lefkowitz na Kobilka wakapata ya kemia kwa kazi yao juu ya risepta zenyewe. Nasema haya uone kwamba hapa tunaongelea kitu kilichochunguzwa sana, si nadharia ya mtu mmoja mtandaoni.

Baclofen yenyewe ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Heinrich Keberle wa kampuni ya Ciba kule Uswisi. Walikuwa wanatafuta dawa ya kifafa, kwenye kifafa ikawaangusha, lakini ikaonekana inalegeza misuli ya watu wenye tatizo la uti wa mgongo. Miaka mingi watu wanaimeza bila mtu kujua inashika wapi! Mwaka 1980 Norman Bowery na wenzake Uingereza wakaonyesha kwamba inashika risepta ya GABA, ile kemikali ya mwili inayotuliza seli za neva, ya aina mpya, tofauti na ile ambayo diazepam inaisaidia, mwaka uliofuata ikapewa jina GABA-B. Protini yake ya kwanza ikaja kupatikana mwaka 1997 na timu ya Bernhard Bettler kule Basel.

Na hapo ndo utamu ulipo. Walipoiweka ile protini ya kwanza, tuiite B1, ndani ya seli za maabara, ikawa kama imesusa. Seli inaitengeneza lakini haifiki juu kwenye utando, imebaki imekwama ndani kwenye zile njia ambazo seli hutengenezea na kukagulia protini zake, na hata dawa ilikuwa inaishika kwa unyonge sana kuliko kwenye ubongo halisi. Mwaka 1998 maabara kadhaa kwa wakati mmoja zikatoa jibu, kuna protini ya pili, B2, ukiziweka zote mbili kwenye seli moja risepta inapanda juu na kufanya kazi sawasawa. Baadaye ikajulikana kwamba B1 ina alama kwenye mkia wake, amino asidi nne tu zimefuatana, arginini, serini, arginini, arginini, na seli ikiiona hiyo alama inaizuia isitoke. Mkia wa B2 ukija unajisokota na mkia wa B1 kama kamba ya katani, alama inafunikwa, wawili wanaruhusiwa kutoka pamoja. Yaani seli imejiwekea ukaguzi, B1 asiye na mwenzake hatoki.

Kazi nayo wamegawana. GABA au baclofen inashika B1 peke yake. B2 haijulikani kushika kitu chochote cha mwilini. Lakini B2 ndo inayoikamata protini-G kule ndani. Fikiria daladala, konda ndo anapokea nauli, dereva hagusi hela ya abiria ila ndo anayeondoa gari, konda akigonga bodi gari linaondoka. B1 ni konda, B2 ni dereva. Ukishamlipa konda huhitaji kumlipa na dereva, na ndo maana hoja ya "nyingine inabaki wazi" haina mashiko, ile nyingine ilikuwa ibaki wazi tangu mwanzo, ndivyo ilivyoumbwa. Tangu mwaka 2020 tuna picha za risepta hii zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni ikiwa imegandishwa, unaona kabisa sehemu ya juu ya B1 imejifunga juu ya dawa na ya B2 imebaki wazi, halafu sehemu zao za chini zimesogeleana kwa namna ambayo haipo risepta ikiwa imelala. Na panya walioondolewa geni ya B1, au wengine ya B2, walipata degedege, baclofen ukiwapa haiwasaidii kitu. Ukikosa mmoja umekosa wote.

Kwenye ugwe wa mgongo wa mdogo wako kinachotokea ni hiki. Kawaida ubongo unatuma amri ya kutuliza kushuka chini muda wote, bila sisi kujua, ili misuli isijibu kila mguso kwa fujo. Ajali imekata hiyo njia. Chini ya jeraha nyuroni, yaani seli za neva, bado ziko hai na hazina wa kuzituliza, kwa hiyo shuka ikigusa mguu tu, mguu mzima unaruka. Baclofen inaingia kwenye GABA-B zilizo kwenye ncha za mishipa ya fahamu inayoleta taarifa kutoka kwenye misuli, beta na gama wanakwenda kufunga milango ya kalsiamu, bila kalsiamu ncha haiwezi kumwaga glutameti, ile kemikali ya kuamsha nyuroni, na nyuroni ya msuli haipati kelele. Kwenye nyuroni zenyewe beta na gama hao hao wanafungua milango ya potasiamu, seli inazidi kutulia. Alfa nayo inapunguza utengenezaji wa cAMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Vyote vinaelekea kwenye utulivu. Ila ona pia kwamba haichagui, GABA-B zimejaa kwenye ubongo vilevile, ndo maana dozi ikizidi mtu analala lala, anachanganyikiwa, ikizidi sana hata kupumua kunapungua.

Umeuliza zinaunganaje, kwa hiyo nisikuache na wazo kwamba risepta zote ziko hivi, mtandaoni hapo pamejaa kutia chumvi. Kuna kundi dogo ambalo kuungana hakuna ubishi. Risepta za glutameti za aina hii zinakuja mbili za namna moja zikiwa zimefungwa kabisa kwa daraja la salfa, na ile inayopima kalsiamu kwenye damu vilevile. Risepta ya utamu ulimini ni protini mbili tofauti zimeungana, T1R2 na T1R3, na hapa kuna kioja kizuri, paka geni yake ya T1R2 iliharibika zamani sana, kwa hiyo nusu ya risepta haipo na paka hasikii utamu wa sukari. Mwekee chai yenye sukari na isiyo na sukari kwake ni mamoja, akiifuata ya maziwa anafuata mafuta na protini.

Kundi kubwa zaidi, lenye risepta za adrenalini, za mofini na nyingine mamia, hapo wataalamu wamebishana zaidi ya miaka 20 na bado. Mwaka 2007 watafiti walichukua risepta ya beta-2, ile ile inayoshikwa na salbutamol ya wenye pumu, wakaiweka moja moja peke yake kwenye kipande kidogo cha utando, ikaiwasha protini-G vizuri tu bila mwenzake. Kwa hiyo kule mwenzi si lazima. Halafu mwaka 2010 wengine wakafuatilia risepta nyingine ya kundi hilo, iitwayo M1, moja moja ikitembea juu ya seli hai, wakaona kwa wakati wowote karibu asilimia 30 ziko mbili mbili, lakini zinashikana sehemu ndogo ya sekunde kisha zinaachana na kila moja inaenda zake. Je huko kushikana kwa kupita kunabadilisha ujumbe au ni kugongana tu kwenye msongamano? Mimi naona kwa baadhi kunabadilisha na kwa nyingi bado hakujathibitishwa, na ukiona mtu anakuuzia kitu kwa sababu "kinaunganisha risepta zako" shika hela yako.

Turudi kwa mgonjwa. Dozi ya miligramu 30 kwa siku si kubwa, kwa mtu mzima madaktari wanaweza kupanda kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 5 kwa kila dozi kila baada ya siku 3, na kawaida hawavuki 80 kwa siku. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwisho wa siku akaongezewa, sikatai. Lakini kuruka kutoka 30 hadi 60 usiku mmoja ni kitu kingine, tena dawa hii nusu yake inatoka kwenye damu ndani ya saa chache, ndo maana inagawanywa mara tatu, ukimpa mbili mbili unapandisha kilele na usingizi wake badala ya kumtuliza usiku kucha.

Kuzoeleka kupo, baadhi ya watu baada ya muda wanahitaji zaidi, ila huwa kunakuja polepole. Mtu aliyekuwa vizuri halafu ndani ya wiki mbili mambo yameharibika, wazo langu la kwanza haliendi kwenye risepta, linaenda kwenye kibofu. Kwa mtu ambaye hasikii chini ya jeraha, mkojo wenye maambukizi haumuumi, mwili unalalamika kwa kukaza misuli. Hivyo hivyo choo kikifunga siku kadhaa, kidonda cha mgandamizo kinachoanza kwenye makalio au kisigino, ukucha ulioota ndani ya nyama, mpira wa mkojo uliojikunja. Mgeuzeni mumkague mwili mzima mchana kwenye mwanga, mtazameni matako, nyonga, visigino, katikati ya vidole, angalieni mkojo una rangi gani na unanuka vipi, ulizeni choo mara ya mwisho lini. Nimeona wagonjwa wengi waliopandishiwa dozi mara mbili wakati tatizo lilikuwa ni UTI tu, ikatibiwa na miguu ikatulia na dozi ile ile ya zamani. Na muulizeni yeye mwenyewe kwa upole, je zile siku famasi haina amekuwa akibania, anakula kimoja badala ya vitatu ili visiishe? Watu wanafanya hivyo kimya kimya kwa kuona huruma hela ya nyumbani.

Kuna jambo jingine linaloniogopesha kwenye viwili viwili, na hili jirani hawezi kulijua kwa kusoma habari za risepta. Baclofen sehemu kubwa inatoka kwa figo ikiwa nzima nzima bila kubadilishwa. Mtu wa uti wa mgongo ndo huyo huyo ambaye kibofu chake kinasumbua na UTI zikirudia rudia zinapanda mpaka kwenye figo. Sasa chukua picha, UTI imemkazisha, figo zimechoka, nyinyi mnaongeza dawa mara mbili kwa sababu anakaza, dawa haitoki, inajaa. Mgonjwa atalegea kweli, ila atalegea mpaka haamki.

Na kuiacha ghafla kwa nini nimesema hapana. Nyuroni zimeishi karibu miaka miwili na breki ya baclofen na zimejirekebisha kulingana nayo, ukiiondoa siku moja breki haipo na zile nyuroni zinafoka. Kukaza kunarudi mara dufu, mtu anaweza kupata degedege, kuona na kusikia vitu visivyokuwepo, homa kali, mapigo ya moyo kwenda mbio, na wapo waliopoteza maisha. Risepta hazipumziki hapo, zinateseka kama mwenyewe. Hata daktari akiamua dawa haifai ataipunguza kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili au zaidi, si kwa kukata.

Kama baada ya kukagua yote hayo bado anakaza, njia zipo. Kupandisha dozi kwa utaratibu ni moja. Mazoezi ya kunyoosha viungo kila siku, hata dakika chache kila mguu asubuhi na jioni mkifundishwa na mtu wa fiziotherapi, hayo yanasaidia kuliko watu wanavyodhani na hayana bei. Kuna tizanidine, hii inapitia risepta nyingine ya ukoo huu huu ila inataka vipimo vya ini. Diazepam inapitia GABA-A, ambayo si ya ukoo huu, ni mlango wa kloridi wa moja kwa moja, inalegeza ila inalevya na kuiacha ni kazi, na ikichanganywa na baclofen usingizi unazidi, pombe ndo usiseme. Pampu ya baclofen inayowekwa chini ya ngozi na kumwaga dawa moja kwa moja kwenye ugwe wa mgongo ipo duniani lakini kwa gharama yake na kujazwa kila baada ya muda sikushauri uanze kuiwazia leo. Pia msitake miguu ilegee kabisa, wengine huo mkazo kidogo ndo unawasaidia kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, ukiuondoa wote wanashindwa hata hilo.

Msisubiri kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akiwa na homa au anatetemeka kwa baridi, akipata degedege, akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akilala mpaka kumwamsha ni shida au pumzi zake zikawa chache, au mkojo ukikata. Na kama jeraha lake ni kuanzia usawa wa chembe ya moyo kwenda juu, akilalamika ghafla kichwa kinapasuka huku uso mwekundu unatoka jasho, hiyo ni presha inapanda kwa sababu kuna kitu chini kinamsumbua, mkalisheni wima, legezeni nguo na mkanda, angalieni mpira wa mkojo kama umeziba au umekunjwa, na mkimbizeni hospitali hapo hapo.

Kuhusu famasi, vidonge vyake ni 90 kwa mwezi, msingoje viishe, vikibaki 30 ambavyo ni vya siku 10 anzeni kutafuta, na muwe na namba za famasi mbili tatu za mjini mkiwa na nakala ya cheti cha daktari kwenye simu. Ikionekana kabisa haipatikani mpigieni daktari vikiwa bado vipo, ili kama ni kupunguza apunguze kwa mpango na vile vilivyobaki, au ambadilishie.

Kwa sasa endeleeni na kimoja mara tatu kama alivyoandikiwa. Kesho asubuhi apimwe mkojo, na waombeni wapime na kreatinini, kipimo cha kuonyesha figo zinafanyaje kazi, kwa damu ya siku hiyo hiyo, mkishapata hayo majibu mawili ndo mwende kuongea na daktari wake habari ya kuongeza.